"Mashimashi" kumbe si kidogo kidogo: nimeumbuka kwenye kaunta ya ramen, nisaidieni hii misimu

Mwanafunzi_Baba

Wakuu salaam. Nipo Tokyo mwaka wa kwanza, nasoma Kijapani kwenye shule ya lugha huku Takadanobaba. Wanafunzi wote wanapaita Baba tu, kwa hiyo kila asubuhi namwandikia mama "nimefika Baba", na mpaka leo hajazoea. Darasani sina shida. Shida yangu ni kaunta ya ramen, yaani tambi za Kijapani ndani ya supu.

Jumatano iliyopita nilipanga foleni kwenye duka moja la ule mtindo wa Jiro, yale mabakuli yenye mlima wa mboga juu. Jina la duka naliacha. Nikanunua tiketi kwenye mashine, nikaketi, nikaiweka tiketi juu ya kaunta. Sentensi nilikuwa nimeifanyia mazoezi tangu kwenye foleni, nikaanza kuimwaga palepale: "Yasai...", yaani mboga. Mpishi hata hakuinua macho. "Mada." Bado. Nikanyamaza kama mtoto aliyejibu swali ambalo mwalimu hajauliza.

Dakika kama kumi baadaye akaanza kupita kwa kila mmoja: "Ninniku iremasu ka?" Nikuwekee kitunguu saumu? Hiyo nilielewa. Lakini hakuna aliyejibu ndiyo wala hapana! Wa kwanza: "Yasai mashi, ninniku." Wa pili: "Abura, karame." Wa tatu neno moja, "zenmashi". Jirani yangu wa kulia akasema "yasai mashimashi".

Sasa nisikilizeni. Kitenzi "masu" nakijua, ni kuongeza, kwa hiyo mashi ni nyongeza. Kwenye mashimashi ndipo Kiswahili changu kilinipeleka porini. Kwetu kusoma ni kusoma, kusomasoma ni kupitisha macho tu. Kucheka na kuchekacheka, hivyo hivyo. Nikajiambia: mashi ni kuongeza, basi mashimashi ni kuongezaongeza, kakitu kidogo tu. Zamu yangu ilipofika nikasema bila hofu: "Yasai mashimashi, ninniku mashimashi."

Bakuli lililotua mbele yangu lilinizibia uso wa mpishi. Kabichi na machipukizi ya maharage yamepanda kama kichuguu, yanamwaga mvuke, na ubavuni rundo la kitunguu saumu kibichi kilichokatwakatwa, ukubwa wa ngumi ya mtoto. Jirani akaingiza vijiti mpaka chini, akazipindua tambi zikaja juu na mboga zikazama, sekunde tano tu. Mimi nikaanza kuchimba kutoka kileleni. Wale niliokaa nao wakamaliza wakaondoka. Wakaja wengine, nao wakakaribia kumaliza. Nikaacha nusu, nikarudisha bakuli juu ya kaunta, nikafuta pangu, nikaomba radhi mara tatu.

Naomba wenye uzoefu mnieleze: mashimashi ni nini hasa? Na kwenye duka jingine la hapa Baba watu wanasema "kata" na "barikata". Nilidhani wanaomba tambi zikatwekatwe. Haya maneno yanafundishwa wapi?

Ngoja_Waje

Ninniku mashimashi Jumatano, halafu Alhamisi asubuhi ukaingia darasani? Mungu amlinde uliyekaa naye dawati moja. Nakaa hapa pembeni nisubiri wajuzi.

Mama_Kaedama

Mdogo wangu, pole sana, na unisamehe kwa kucheka. Nimecheka mpaka mume wangu akaja kuuliza kuna nini.

Mimi nipo Fukuoka mwaka wa 11. Miaka miwili ya mwanzo nilifanya baito, yaani kibarua cha kulipwa kwa saa, kwenye jiko la ramen. Kwanza mabakuli, baadaye wakaniamini na sufuria la tambi. Kwa hiyo hayo ya mboga kama kichuguu nawaachia watu wa Tokyo. "Kata" ndiyo ya kwetu, nitakueleza.

Tambi za Hakata, eneo la hapa Fukuoka, ni nyembamba na zimenyooka. Zinaiva upesi na zinalegea upesi. Zikilegea ndani ya supu wenyeji wanasema zime-nobiru, zimerefuka. Ndiyo maana mteja anataja ugumu anaoutaka. Yawa ni laini, futsuu ni kawaida, kata ni ngumu, barikata ni ngumu kwelikweli, maana "bari" kwa lahaja za huku ni "sana". Wengi wanaishia hapo. Juu yake kuna harigane, yaani waya. Na juu ya waya kuna kona-otoshi, kukung'uta unga: tambi zinapigwa mbizi kwenye maji yanayochemka ili ule unga uliozishika utoke, basi, zinaopolewa. Ukimeza mate umechelewa kuzitoa.

Sasa "kona". Siku yangu ya pili kazini bosi alipaza sauti kutoka kaunta, "kona ippai!" Nikaacha sponji nikaenda kusimama kwenye kona, kando ya friji, mikono nyuma, nasubiri maelekezo. Alipogeuka kuchukua tambi hazijawekwa hata majini, akaniona nimesimama vile. Hakusema kitu mpaka tunafunga. Saa sita usiku ndipo akaniuliza kwa upole kama nilikuwa naumwa.

Nikupe siri ya upande wa ndani wa kaunta: harigane na kona-otoshi kwa sehemu kubwa waliagiza vijana wa kiume waliokuja wanne wanne, na aliyeagiza alikuwa anawatazama wenzake, si bakuli. Wazee waliokuja peke yao na gazeti waliagiza kata au futsuu wakanyamaza. Mimi mwenyewe hula kata. Barikata inaacha ladha ya unga mdomoni, na aseme anayetaka.

Jina langu la humu nalo lina kisa. Tambi mbichi za kula mtu mmoja hukunjwa bonge, na bonge ni "tama". Kaedama ni bonge la kubadilishia. Desturi hiyo ilikua kwenye soko la samaki la Nagahama, hapa Fukuoka, miaka ya 1950. Watu wa soko walikuwa na haraka, wanataka tambi nyembamba za kuiva chap. Lakini ukimjazia mtu tambi nyembamba nyingi kwa mkupuo mmoja, za chini zitalegea kabla hajazifikia. Dawa yake ikawa kumpa kidogo, akimaliza anaita "kaedama!" na kutupiwa bonge jingine moto ndani ya supu yake ileile. Kwa hiyo usinywe supu yote. Wageni wengi wanaikausha halafu wanaita kaedama, na pale jikoni tulikuwa tunatazamana.

Lakini nje ya duka kaedama ni mtu anayesimama badala ya mwingine, hasa yule anayeingia kwenye mtihani kwa jina la mwenzake. Kwa Kiswahili chetu, mamluki. Jioni moja naosha vyombo, redio ikatangaza kwamba polisi wamekamata mtu kwa kaedama. Nikaangalia foleni mlangoni kwetu, nikawaza leo tumekwisha.

Sarufi_Tu

Dada Mama_Kaedama, heshima yako. Mimi nimekula Jiro miaka sita, nilianza nikiwa mwanafunzi jirani na Mita, Tokyo, basi upande huo niachieni.

Kwanza nikitetee Kiswahili, maana Mwanafunzi_Baba amekisingizia. Ni kweli kusomasoma na kuchekacheka zinapunguza uzito. Lakini kukata na kukatakata je? Anayekatakata anafanya zaidi, si kidogo. Na anayekataa katakata hajakataa kidogo kidogo. Kurudufu neno kwetu kunaenda pande zote mbili, na wewe ukachagua upande wa shibe ndogo mbele ya bakuli la Jiro. Mashimashi ni ukoo wa katakata.

Jiro ilianza 1968. Mwanzilishi ni Yamada Takumi, na duka kuu sasa lipo Mita, karibu na Chuo Kikuu cha Keio, kwa hiyo tangu zamani wateja wake ni wanafunzi wenye njaa. Wapenzi wake wanaitwa Jirorian. Maduka yaliyoiga mtindo bila kuwa wa ukoo huo yanaitwa "insupaia-kei", yaliyopata msukumo. Nahisi ulienda huko.

Unachokisema mbele ya mpishi kinaitwa "kooru", mwito. Kuna mambo manne: yasai ni mboga, ninniku ni kitunguu saumu, abura ni mafuta, karame ni kuongezewa mchuzi wa soya ili supu ikolee. Usilolitaja linakuja kwa kiasi cha kawaida, isipokuwa kitunguu saumu: hicho usipokitaja hakiji. Zenmashi ni nyongeza ya vyote. Na mashimashi si kila duka linaikubali. Maduka mengine ya Jiro yenyewe yanaishia kwenye mashi. Wa mashimashi hasa ni hao wa kuiga, na vijana wameshalitoa neno kaunta wanalitumia hata kwa picha iliyorembwa kupita kiasi.

Kosa lako kubwa kuliko mashimashi ni lile la "mada". Kuna nyakati mbili za kusema. Unapoweka tiketi unasema habari ya tambi tu: "men sukuname", tambi kidogo, au nusu. Mambo ya juu ya bakuli unasubiri swali la kitunguu saumu. Swali hilo halihusu kitunguu saumu peke yake, maana yake ni "zamu yako, toa mwito". Na "shoo", yaani bakuli dogo la Jiro, mara nyingi ni kama gramu 300 za tambi kabla ya kuchemshwa, karibu mara mbili ya ramen ya kawaida. Hiyo ndiyo ndogo yao!

Alichofanya jirani yako kinaitwa tenchi-gaeshi, kupindua mbingu na ardhi. Tambi zinapanda juu zisiendelee kulowa, mboga zinashuka kunywa supu. Fanya mwanzoni kabla hujala chochote. Na waliokaa nawe ni "rotto" yako: mpishi huchemsha tambi za watu kadhaa kwa sufuria moja, wanapewa pamoja na wanatarajiwa kumaliza karibu pamoja. Mmoja akibaki, kiti chake kinakosa mtu wa sufuria linalofuata. Hiyo inaitwa kuvuruga rotto, na wewe uliivuruga mara mbili. Lakini wanaolipigia kelele jambo hili mtandaoni ni wengi kuliko wapishi wanaolijali. Usikonde.

Abuu_Yokohama

Assalaam alaykum. Mimi nguruwe sili, ila misimu haina nguruwe, nami naipenda.

Nafanya kazi ghalani Yokohama, na saa ya chakula wenzangu wananiburuta kwenye maduka ya "iekei". Nakula wali na yai, nasikiliza. Iekei ni mtindo wa hapa Yokohama. Duka la asili ni Yoshimuraya, la mwaka 1974. Mwanzilishi wake, Yoshimura Minoru, alikuwa dereva wa lori kabla ya kuchanganya supu ya mifupa ya nguruwe ya Kyushu, kisiwa ilipo Fukuoka, na mchuzi wa soya wa Tokyo. Majina ya maduka mengi ya ukoo huo yanaishia na herufi ya "nyumba". Kwenye jina la duka inasomwa "ya", lakini kwenye jina la mtindo inasomwa "ie". Nimepoteza mwezi mzima hapo.

Huku unaulizwa mambo matatu: ugumu wa tambi, ukali wa ladha, wingi wa mafuta. Msimamizi wetu hujibu vilevile kila siku: "katame, koime, oome". Ngumu, kali, mengi. Mwenzetu mmoja, mwembamba, kila akiyasikia anainamisha kichwa na kusema "hayajini sandan katsuyou". Nilipolielewa nilitoka nje kucheka. Hayajini ni kufa mapema. Katsuyou ni ule mnyambuliko wa vitenzi tunaokaririshwa darasani. Yaani mnyambuliko wa kufa mapema wa hatua tatu: katame, koime, oome. Yote yanaishia na "me", kama pika, pikia, pikiwa. Msimamizi anajibu kwa kuagiza wali wa pili.

Kwa Waislamu wenzangu mnaosoma: tonkotsu ni supu ya mifupa ya nguruwe. Si tonkatsu, ile ni nyama yake ya kukaanga. "Buta" ni nguruwe, na chashu, vile vipande vya nyama vya juu ya ramen, kwa kawaida ni huyohuyo. Supu ya kuku ipo, tafuta neno "tori paitan", lakini msikimbilie. Chashu inaweza kukaa juu, mafuta ya nguruwe wanayoyaita raado yanaweza kuwa chini, na mchuzi wa kukolezea unaweza kuwa na mirin au sake, yaani pombe za mchele. Kuna maduka ya halali, hasa Tokyo. Kwingine muulize mpishi kabla ya kununua tiketi, maana mashine haijibu.

Ngoja_Waje

Sheikh Abuu, "misimu haina nguruwe" naiandika ukutani. Swali dogo: ni lazima kufyonza tambi kwa kelele? Mimi nikijaribu napaliwa.

Mama_Kaedama

Si lazima. Kufyonza kunazipoza tambi na kuipandisha harufu puani, ndiyo maana wanafanya. Lakini 2016 lilizuka mtandaoni neno "nuu-hara", unyanyasaji wa tambi, kwamba kelele hizo zinawakera wageni. Wajapani wenyewe walilijadili kuliko wageni. Na kama unashindwa kwa sababu ya moto, una "nekojita", ulimi wa paka. Sema hivyo tu, watakuonea huruma. Bosi wangu, mtu wa ramen miaka thelathini, alikuwa na ulimi wa paka. Supu aliionja ikiwa kwenye kikombe kidogo, anaipuliza kama chai ya mgonjwa.

Mwanafunzi_Baba, ongeza na "meshi-tero", ugaidi wa mlo: kurusha picha ya bakuli mtandaoni saa sita usiku watu wakiwa kitandani. Na siku ukishiba ramen halafu ukaona aiskrimu, sema "betsubara", tumbo jingine. Hilo mimi nalitumia kila wiki.

Sarufi_Tu

Dada, kabla sijasahau. Yule kijana akija Fukuoka aanze na kata au futsuu?

Mama_Kaedama

Futsuu. Aijue tambi kwanza. Kaedama ndiyo aagize kata, maana hiyo itakaa kwenye supu huku tumbo limeshaanza kuchoka na anakula polepole. Tena supu ikiwa imepoa ugumu unasaidia. Hili sikufundishwa, nimeliona kwenye mabakuli yaliyorudi na mabaki.

Mwanafunzi_Baba

Wakuu, asanteni. Nimerudi leo, duka lilelile.

Tiketi kaunta: "Men sukuname." Mpishi akatikisa kichwa kukubali, sikusikia "mada". Nikakaa kimya, mikono mapajani. Swali lilipofika: "Yasai sukuname, ninniku sukoshi." Mboga chache, kitunguu saumu kidogo, hakuna kurudufu chochote. Akanitazama sekunde moja hivi. Sijui kama alinikumbuka, ila aliyaweka machipukizi kwa koleo taratibu sana, kama mtu anayepima dawa.

Tenchi-gaeshi nimeifanya vibaya. Nusu ya mbingu imeangukia kaunta, nikaifuta. Lakini nimemaliza pamoja na rotto yangu, wa tatu kati ya watano, na nikainua bakuli mwenyewe.

Tatizo limebaki moja, Sarufi_Tu. Sasa hivi nipo darasani, kipindi cha mchana, na mwalimu amefungua dirisha la upande wangu, katikati ya baridi, bila kusema neno. "Sukoshi" ya pale ni kiasi gani?